GIMP 3 kwa picha zako mwenyewe: nimeizungusha Kolo, Mpwapwa na hapa Dodoma, naleta mrejesho

Mbukwenyi wadau. Mi ni dizaina, kazi yangu iko stesheneri moja maeneo ya Jamatini hapa Dodoma mjini, na kama na wewe uko humu unajua siku zetu zinavyoenda, asubuhi kadi za harusi, mchana bango la semina, jioni anaingia mtu na pasipoti saizi anataka kwa nyuma iwe bluu na basi lake linaondoka dakika ishirini zijazo. Kazi naipenda na ndo inayolipa kodi kule Nkuhungu. Ila ilifika siku nikafungua mashine nikaona mafolda ya wateja yamejaa hadi chini, halafu folda la picha zangu mwenyewe lina picha kumi na moja tu, za miaka mitatu. Iliniuma sana. Mi niliingia kwenye udizaina kwa sababu ya picha, tangu shule nilikuwa nakata magazeti nabandika kwenye daftari, sasa kile kilichonileta ndo nilikuwa nimekisahau kabisa.

Nikatafuta kamera ya mtumba, nikapata Canon EOS 600D na lenzi yake ile ya 18-55. Ni kamera ya mwaka 2011 lakini megapikseli 18 zinatosha na bado inapiga RAW, yaani faili ghafi la kamera lenye taarifa zote kabla halijabanwa kuwa JPEG, hilo la RAW nitalirudia kwa sababu ndo moyo wa habari yote. Shida ikabaki ya kuediti. Photoshop ya kazini ni ya kazini, sikutaka picha zangu zilale kwenye mashine ya bosi, na kuilipia mwenyewe hesabu haikukaa, maana tangu 2013 Adobe, wenye Photoshop, walipohamia kwenye kulipia kwa mwezi hakuna tena kununua mara moja ukamalizana nayo. Na zile kopi za kukraki nilishaachana nazo, siku moja niliwahi kuingiza virusi kupitia kopi ya namna hiyo nikapoteza faili za harusi ya watu, sitaki tena.

Basi nikaingia GIMP, toleo la 3. Kwa ambaye haijui, hii ni programu ya kuediti picha ya bure moja kwa moja, siyo bure ya siku saba, na hata ukiifanyia kazi ya kulipwa hakuna anayekudai. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley kule California, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatoka kwa watu mwaka 1996. Wengi tuliwahi kuionja zamani tukaikimbia, mimi mmojawapo, nilijaribu ile 2.10 ya mwaka 2018 nikaona inanichelewesha. Toleo la 3.0 limetoka Machi 2025 na hapa naongelea hilo, kwenye laptopu ya mtumba ya i5 yenye RAM GB 8. Inawaka vizuri, haijanigomea.

Jambo la kujua mapema, GIMP yenyewe haifungui RAW. Inabidi uweke pembeni programu nyingine ya bure inaitwa darktable, ukiburuta faili la RAW ndani ya GIMP inaamka darktable, unarekebisha mwanga na rangi huko, ukiifunga picha inahamia GIMP. Mwanzoni niliona usumbufu, sa hivi naona ndo mpangilio mzuri, huku nasafisha, kule natengeneza.

Sasa Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani. Mwezi wa nane nilipanda basi la alfajiri stendi ya Nanenane, barabara ya Kondoa ni lami tupu, ukipita Kondoa mjini unaendelea njia ya Babati unashuka Kolo, ni kama kilomita 180 kutoka Dodoma. Pale kuna ofisi ya mambo ya kale, unalipia, unapewa mtu wa kukutembeza, mi nilipewa mzee mmoja mpole sana. Michoro ile ya miambani iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili kwa mkono mwaka 1951, ila aisee ukisimama mbele ya mwamba wenyewe unaelewa kwa nini ilibidi mtu akae miezi. Rangi nyekundu juu ya mwamba ambao nao una wekundu wekundu, umefifia, umepata madoa, unatazama unaona kitu, unapepesa macho kimepotea. Watu warefu wembamba, vichwa vimechorwa kama wana nywele zimetimka, wanyama, na juu yake michoro mingine imepandana.

Pale Mungomi wa Kolo, mojawapo ya miamba yenye michoro, watu bado wanaenda kufanya matambiko, kwa hiyo ni mahali pa kuingia kwa adabu. Flashi sikuwasha, mkono sikugusa, maji ndo kabisa, kuna sehemu watu waliwahi kumwagia michoro maji ili rangi iwake wapate picha nzuri na matokeo yake wameiharibu. Niliweka kamera kwenye tripodi, ISO 200, nikatumia taima ya sekunde mbili ili kidole kisitikise, nikapiga zote RAW.

Nyumbani nikafungua picha, nikakuta mwamba. Mwamba tu! Vile vitu nilivyoviona kwa macho kamera imevilaza vyote pamoja. Hapo ndo nikajifunza kitu ambacho kwa miaka yote ya kudizaini sikuwahi kukihitaji. Kuna njia wanaoitumia sana ni watu wa michoro ya miambani, wana programu yao inaitwa DStretch iliyotengenezwa na Jon Harman, na wazo lake unaweza kulisogelea ndani ya GIMP bila kuongeza kitu. Unaenda kwenye menyu ya Colors, kisha Components, kisha Decompose, unachagua LAB. Picha yako inagawanywa kuwa leya tatu za kijivu, yaani matabaka yanayolala moja juu ya jingine. Ya L ni mwanga peke yake, hiyo iache. Ya A inabeba tofauti ya kijani na nyekundu, ya B inabeba bluu na njano. Ukiitazama ya A utaona kijivu kimoja tu kimelala, kama ukungu wa vumbi. Sasa unafungua Levels, sehemu ya kurekebisha giza na mwanga, unavuta kishale cha kushoto na cha kulia kuja katikati kwa kipimo kilekile, polepole, na jamani, mtu anatokea. Anatoka kwenye ule ukungu kuanzia mabega, halafu kichwa, halafu unamwona mwenzake nyuma yake ambaye hukujua hata kama yupo. Nilikuwa peke yangu chumbani saa tano usiku nikajikuta nimesimama. Unafanya hivyohivyo kwenye B, kisha unabonya Recompose picha inarudi na rangi zake, kali zisizo za kawaida, ila kila mstari unasomeka.

Kwa nini RAW hapo? Kwa sababu JPEG ina biti 8, yaani ngazi 256 tu kwa kila chaneli (kila sehemu ya rangi), na ikibana faili inabana rangi zaidi kuliko mwanga, kwa hiyo ukizivuta hizo chaneli za A na B unaona vijumba vya mraba mraba badala ya mchoro. RAW ya 600D ina biti 14, yaani ngazi 16,384, kuna cha kuvuta. Na GIMP inakubali kufanya kazi kwa biti 16 hata 32, ukiacha biti 8 umetupa faida yote. Nilijaribu picha moja ya simu na moja ya RAW, mchoro uleule mwamba uleule, ya simu ilijaa madoa tu.

Zile picha nilimpelekea yule mzee niliporudi Kolo mwezi uliofuata, nikamwonyesha kwenye simu, "Mzee, hebu mtazame huyu wa tatu." Akaishika simu akaisogeza, akaitazama muda. Akasema huyo anamjua miaka yote ila huo mkono wake hajawahi kuuona. Ile ilinitosha. Tahadhari yangu moja, hizo picha za rangi kali naziandikia wazi pembeni kwamba zimevutwa, na naweka na ya kawaida pamoja nayo, mtu asije akadhani mwamba wa Kolo una rangi ya zambarau.

Kazi ya pili ni picha ya bibi. Bibi yangu yuko Mpwapwa, ana picha yake moja na babu ya studio, nyeusi na nyeupe, ilikaa ndani ya sanduku imefungwa kwenye kanga, imekunjwa katikati, mkunjo umepita kwenye shingo ya babu ukashuka hadi mkono wa bibi, na kona ya chini mchwa wameishughulikia. Skana nzuri sina kwa hiyo nikaipiga na kamera, nikaiweka dirishani upande usiopigwa na jua, lenzi ikitazama chini moja kwa moja isije ikachukua mng'ao.

Hapa chombo chenyewe ni kile cha Heal, plasta, kitufe H. Unaelekeza sehemu nzima, unapaka juu ya iliyoharibika, inachukua mchanganyiko wa ngozi ya huku na mwanga wa kule. Kwenye mkunjo wa shingo inafanya kazi safi kabisa, kwenye kona ya mchwa hapana, pale hakuna cha kuponya, inabidi Clone uchukue kitambaa cha gauni kutoka upande mwingine ukijenge upya uzi kwa uzi. Ilinichukua usiku nne. Brashi saizi 12, umezumu asilimia 300, unatembea na mpindo wa gauni la bibi ambalo halipo tena duniani. Sijawahi kufanya kazi ya mteja kwa utulivu ule.

Jumamosi nikampelekea kwenye laptopu. "Shikamoo bibi, nimeleta ile picha." Akaitazama, akacheka, akataja gauni lilishonwa na nani. Halafu akanyamaza, akaweka kidole kwenye skrini juu ya paji lake la uso. "Mjukuu wangu, alama yangu iko wapi?"

Ile chale ya mviringo ya Kigogo, ambayo anayo hadi leo, mimi nilikuwa nimeipaka juu ikapotea. Kwenye picha ilikuwa doa hafifu katikati ya madoa mengine ya ukungu, mkono ukaenda. Niliona aibu kubwa, maana ni uso ninaoujua tangu nazaliwa. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nafanya marekebisho yote kwenye leya tupu juu ya picha, nimeweka tiki kwenye Sample merged ili chombo kisome na leya za chini, picha ya asili chini haijaguswa. Nikachukua kifutio, nikafuta hapo tu juu ya paji, ile chale ikarudi mbele yake palepale sebuleni. Akasema, "Eeh. Huyo ndo mimi." Kwa hiyo ukiniuliza kipengele kipi cha GIMP nakipenda kuliko vyote nitakwambia ni hicho cha tiki moja, na ukirestoa picha ya mtu aliye hai usiprinti kabla mwenyewe hajaiona.

Mibuyu nitaiongelea kifupi kwa sababu bado naendelea nayo. Mwezi wa tisa mbuyu hauna majani, umebaki matawi kama mizizi imeelekea mbinguni, na jioni vumbi la Dodoma linafanya anga liwe la chungwa linalofifia taratibu hadi kijivu. Nachukua gome la mbuyu kwa karibu nalilaza juu ya picha ya mikono ya wazee, leya ya juu naiweka Multiply ili giza lake lichanganyike na ya chini, naipa maski ya kuficha sehemu bila kuzifuta moja kwa moja, nafuta taratibu hadi mikunjo ya gome na mikunjo ya ngozi inashikana usijue moja imeishia wapi. Toleo la 3 hapa limebadilika kweli, zamani ukiweka filta imeshaingia kwenye picha basi, sa hivi inakaa juu ya leya na alama ndogo ya fx, unarudi wiki ijayo unabadilisha kiwango au unaizima. Kwa mtu anayefanya kazi yake usiku baada ya kazi, anayeacha na kurudia, hicho ni kitu kikubwa mno. Na lile anga la chungwa ukiliediti kwa biti 8 linakatika mistari mistari kama ngazi, weka 16 linatulia.

Sasa mapungufu, na yapo. Kubwa kwa sisi wa kuprinti ni CMYK, zile rangi nne za wino wa printa. GIMP inafanya kazi ndani ya RGB, rangi tatu za skrini, hili toleo la 3 linaweza kukuonyesha kwenye skrini rangi zitakaaje kwenye CMYK na linaweza kukutolea faili la CMYK, ila huwezi kukaa humo ndani ukaediti, kwa hiyo bango la mteja lenye rangi za kampuni zisizotakiwa kukosea mi silifanyii humu. Na usiache kusimamia printa. Picha ya bibi niliipeleka sehemu fulani hapa mjini, ikatoka na ukijani ukijani, bibi na babu wanafanana na watu wanaoumwa, kumbe nyeusi na nyeupe wameiprinti kwa wino zote nne na moja ilikuwa imezidi. Nikairudisha nyumbani nikaigeuza kuwa Grayscale kabisa, nikapeleka kwingine wanakoprinti kwenye karatasi ya picha, nikaomba kipande kidogo cha majaribio kwanza. Ikatoka safi.

Vitufe vya mkato navyo vinasumbua mikono iliyozoea Photoshop, kusogeza ni M siyo V, kukata picha ni Shift na C, na Ctrl S inakupa faili la XCF la GIMP yenyewe, ukitaka JPEG lazima uekspoti. Wiki mbili mikono inazoea. Faili za Photoshop (PSD) inafungua, ila zile smart object (picha iliyowekwa ndani ya faili ikibaki na asili yake) na baadhi ya mapambo ya leya hayaji yalivyo. Plagini, yaani viongezo, za 2.10 nyingi haziingii kwenye 3 hadi mwenye nayo aiandike upya, kama una plagini unayoitegemea angalia kwanza kabla hujahama. Na haijisevu yenyewe! Hilo lishike. Betri ya laptopu yangu imekufa, umeme ulikatika mara moja nikapoteza masaa mawili ya mbuyu, tangu hapo kila nikimaliza kipande nabonya Ctrl S bila kufikiri.

Kama unataka alama, kwa picha zako mwenyewe naipa 9 kati ya 10, ile moja nimeikata kwa kutojisevu. Kwa kazi za stesheneri za haraka haraka naipa 5, siyo kwamba ni mbaya, haikukaa kwa ajili ya mteja aliyesimama mgongoni kwako. Dizaina unayeanza na huna hela ya kulipia kila mwezi, ishushe leo, uwe na bando la kutosha au nenda penye wifi, weka na darktable siku hiyohiyo, halafu tafuta picha moja ya nyumbani kwenu iliyochakaa uanze nayo.

Picha ya bibi nilitoa kopi mbili. Moja iko ukutani kwake Mpwapwa, chale inaonekana vizuri. Nyingine ni ya mdogo wake aliyeko Kibakwe, amesikia habari ameshapiga simu mara tatu, nampelekea Jumamosi.